Bibi Zetu na Vyungu Vyao



Katika madrasa yetu hapa Shumba tulimsikia mwanafunzi mmoja wa kike akimwambia mwenziwe kwamba kupika ni kazi ya aliyeshindwa na skuli. Hatukumkaripia. Tulimwita tukampa khabari za Hawa Hassan, nazo ndizo tunazowaletea mwezi huu.

Huyu ni mtoto wa Kisomali, mzaliwa wa Mogadishu. Vita vya Somalia vilipowaka mwaka 1991, mama yake aliwakimbiza wanawe wakafika kambi ya wakimbizi Kenya. Kutoka huko Hawa, umri wake miaka saba tu, alipelekwa Seattle, Marekani, kwa marafiki wa familia, ikitarajiwa kwamba mama na nduguze watamfuata. Hawakujaaliwa, wao waliishia Norway. Miaka 15 ilipita mama na mwana hawajaonana. Nyinyi wazazi, hesabuni wenyewe: mtoto atoke mikononi mwenu na meno ya utotoni, mje mumpokee mtu mzima!

Alipokua alifanya kazi ya kuonyesha mavazi ya mitindo huko New York, jambo ambalo sisi hatuna la kulisifia, basi na tulipite. Lililotuvutia ni kuwa baada ya kuonana tena na mama yake ndipo alipovirudia vyakula vya kwao. Akaanza kuuza chatne za chupa kwa jina la Basbaas, yaani pilipili kwa Kisomali. (Sisi watu wa viungo twaijua basbasi kuwa ni ganda la kungumanga, maneno nayo husafiri.) Moja ni ya ukwaju na tende, nyengine ya nazi na kotmiri.

Mwaka 2020, pamoja na Julia Turshen, akatoa kitabu kiitwacho In Bibi's Kitchen. Tazameni, neno letu "bibi" limo juu ya jalada la kitabu cha Kiingereza! Mabibi wa nchi nane za Afrika zilizo kando ya Bahari ya Hindi, Tanzania ikiwemo, waliulizwa wanapika nini na wameishije. Na mkate wetu wa ajemi umo. Kitabu hicho kikapata tuzo ya James Beard, ambayo wapishi wa Marekani huienzi mno.

Yule binti akatuuliza, "Maalim, hao mabibi waliulizwaje?" Tukamjibu, "Majumbani mwao, jikoni." Hapo tukajikumbuka. Bibi yetu aliyetulea alikuwa akioka mkate wa mofa wa mtama, na Ramadhani watoto wa mbali wakitumwa kuununua. Tuliula miaka na miaka, wala hata siku moja hatukumuuliza unga ule huumuliwa vipi. Alipofariki tulirithi mofa lake la udongo, likakaa uani mpaka likapasuka.

Jumatano iliyofuata binti hakuja darsani. Tuliambiwa yuko kwa bibi yake, anapimiwa unga. Tukamwandika kuwa hakuhudhuria, kama kanuni itakavyo.