Utengeni msitu wenu kabla mnunuzi hajafika



Bei ya ufuta ikipanda, msitu wa kijiji ndio huumia kwanza. Mmoja anaomba ekari kumi, mwingine ishirini, na baada ya misimu michache vinabaki visiki. Maoni yangu ni haya: kijiji chenye msitu ambao hakijautenga kisheria kina ghala lisilo na kufuli.

Kutenga si kuwafukuza watu msituni. Huko Marekani, mwenye shamba la miti anaweza kuuza au kutoa haki ya kulikata viwanja. Shamba linabaki lake na mbao anavuna. Akiliuza, sharti linabaki kwenye ardhi na mnunuzi analirithi. Kinachozuiwa ni kubadilisha matumizi, kazi inaendelea.

Sisi Tanzania tuna njia yetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutangaza msitu wake wa hifadhi. Neno "hifadhi" lisikutishe. Mbao, mkaa na asali vinaweza kutoka humo, mradi mfuate mpango wa usimamizi mliopitisha wenyewe.

Tazama Kilwa. Mwaka 2009 vijiji vya huko vilianza kupata cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu yao ya asili yenye mpingo. Mpingo huchukua zaidi ya miaka 70 kufikia kuvunwa. Wanavuna kidogo kwa mpango, na fedha zinaingia mfuko wa kijiji.

Najua utauliza: "Watoto wetu watalima wapi?" Swali la haki kabisa. Ndiyo maana mpango wa matumizi bora ya ardhi hutangulia: mashamba, malisho, msitu, na akiba ya vijana. Msitu ukiachwa bila mpango, anayewahi ni mwenye trekta na fedha, si mwanao.

Nawe mfanyabiashara utasema utaratibu ni mrefu. Ni kweli. Lakini gogo lenye alama ya nyundo na hati ya kusafirishia halikulazi kwenye kizuizi. Na msitu unaovunwa kwa zamu utakupa mzigo mwaka huu na miaka kumi ijayo. Ukiisha, na biashara yako imeisha.

Hatua zenyewe:

1. Pelekeni hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Muhtasari uandikwe, mahudhurio yasainiwe.
2. Malizeni mipaka na vijiji jirani kabla ya kitu kingine. Mgogoro wa mpaka huua kazi yote.
3. Chagueni kamati ya maliasili, wanawake wawemo. Wao ndio wanajua kuni na maji yanatoka wapi.
4. Pimeni msitu na afisa misitu wa wilaya, mjue miti mingapi inaweza kuvunwa.
5. Andikeni mpango wa usimamizi na sheria ndogo, zipitishwe na halmashauri ya wilaya.

Onyo moja. Karatasi bila doria ni bure, na doria bila mapato yanayosomwa hadharani huzaa manung'uniko. Mwanakijiji asiyejua fedha za magogo zimekwenda wapi hatamzuia mwenye msumeno usiku.

Mkutano mkuu hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Unaofuata, usikae nyuma chini ya mwembe. Simama uulize: msitu wetu umetengwa kisheria au bado? Kama jibu ni "bado", omba ajenda hiyo iandikwe siku hiyohiyo.