Makumbusho Darasani: Kadi Kwanza, Kielelezo Baadaye

Katika shule nyingi za msingi imo kona ya sayansi. Aghalabu hukutwa humo mafuvu ya wanyama, manyoya ya ndege, chupa tupu na mawe, vyote vimefunikwa na vumbi, wala hakuna mtoto awezaye kueleza vinafundisha nini. Maoni yetu ni kwamba hali hiyo haitokani na uhaba wa vifaa, bali na desturi ya kutanguliza vitu na kulisahau swali. Historia ya makumbusho makubwa ya sayansi ya London yathibitisha jambo hili, na historia hiyo inaligusa ziwa letu wenyewe.

Makumbusho hayo yana asili katika mkusanyo wa daktari Hans Sloane, aliyefariki mwaka 1753 akiacha vitu zaidi ya 70,000. Serikali ya Uingereza ilivipata kwa pauni 20,000, na British Museum ikafunguliwa mwaka 1759. Tangu hapo vitu viliendelea kumiminika kutoka kila pembe ya dunia. Mwezi wa Februari 1858 wasafiri Richard Burton na John Speke walifika Ujiji kwa njia ya misafara. Magamba ya konokono na kome ambayo Speke aliyapata katika Ziwa Tanganyika yalichunguzwa na S. P. Woodward wa British Museum, naye akayaeleza kwa maandishi mwaka 1859. Kome mmoja alipewa jina spekii, na mwingine burtoni.

Nafasi ilipokuwa finyu, mikusanyo ya viumbe na mawe ilihamishiwa jumba jipya, lililofunguliwa mwaka 1881. Richard Owen, aliyelipigania jumba hilo kwa miaka mingi, alitaka vitu vingi iwezekanavyo vionyeshwe. William Flower, aliyeshika uongozi mwaka 1884, alikuwa na mawazo tofauti. Yeye alishikilia kwamba mwenye makumbusho aamue kwanza anataka kufundisha nini, aandike maelezo yake, na mwisho ndipo achague vielelezo vichache vinavyofaa. Vingine vyote viwekwe akiba kwa ajili ya watafiti.

Utaratibu huo ndio tunaowapendekezea walimu wanachuo. Tuchukue mfano wa magamba yale yale ya ziwa letu. Mwalimu aanze na swali: kwa nini konokono wengi wa Ziwa Tanganyika wana magamba mazito, yenye matuta, kuliko konokono wa mabwawa? Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu J. E. S. Moore aliona yanafanana na magamba ya baharini, akadhani kwamba ziwa hili liliwahi kuungana na bahari. Dhana hiyo imekwisha achwa. Watafiti wa baadaye walionyesha kwamba wamo kaa wa ziwani ambao huvunja magamba kwa magando yao yenye nguvu, na kwamba gamba nene humwokoa konokono. Aliyeokoka huliziba gamba lake, na kovu hubaki.

Basi watoto watafute makovu hayo. Waokote magamba matupu yaliyotupwa na mawimbi kwenye mchanga mkavu, bila kuingia majini, maana kichocho kimo ziwani. Wala wasichukue konokono hai. Kila gamba litakaloteuliwa liwe na kadi iliyoandikwa na mwanafunzi mwenyewe: jina la kitu kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, mahali kilipookotwa, tarehe, jina la aliyekiokota, na sentensi moja ya kueleza kinachothibitishwa. Kitu kisichoweza kuandikiwa sentensi hiyo kirudishwe kilikotoka.

Wako wenzetu watakaosema kwamba darasa lina watoto wengi na muda ni mfupi. Ni kweli, lakini sanduku moja la mbao na vielelezo vitano vyenye kadi havihitaji muda mwingi kuliko rundo lisilosomeka. Wengine watasema tungoje siku ya kuwapeleka watoto kwenye Makumbusho ya Taifa. Dar es Salaam iko yapata kilomita 1,250 kwa reli, na watoto walio wengi watamaliza shule kabla ya safari hiyo.

Liko na jambo la heshima. Jina la kisayansi la kome yule linamkumbuka msafiri; jina alilopewa na wavuvi wa pwani hii halimo. Mtoto wa Ujiji au Kibirizi anayemwuliza babu yake jina hilo na kuliandika kwenye kadi anaongeza maarifa ambayo kabati la London halikuyapata. Mwalimu anayemnyima nafasi hiyo, akamkaririsha maneno ya ubaoni tu, anamfundisha kwamba sayansi ni mali ya watu wengine. Hatuna budi kuliepuka fundisho hilo kuliko upungufu wowote wa vifaa.