Papo kwa papo, lakini si bila maandalizi

Kuna neno linalosikika sana makanisani mwetu: "Tumwachie Roho." Mpiga kinanda hakufika mazoezini, tumwachie Roho. Mhubiri anapanda mimbarini hajafungua Biblia tangu Jumatatu, tumwachie Roho. Upande wa pili wapo wanaoogopa kila kisichoandikwa. Kwao sala lazima isomwe kitabuni, na kiongozi wa pambio akiongeza ubeti wake mwenyewe, wanaona ibada imeharibika.

Makundi haya mawili hulaumiana kila siku, lakini naona yana kosa moja. Yote yanadhani kwamba kinachotoka papo kwa papo hakina maandalizi nyuma yake.

Wanamuziki wanajua kwamba sivyo. Mwaka 1747, Johann Sebastian Bach, mwanamuziki wa kanisa la Kilutheri mjini Leipzig, Ujerumani, alifika Potsdam kwa Mfalme Frederick wa Prussia. Mfalme alimpa kipande kifupi cha muziki, akamtaka akitumie kutunga hapo hapo utunzi mgumu, ambao sauti moja hutangulia na nyingine huifuata. Bach akaketi, akapiga. Alikuwa na umri wa miaka 62, na zaidi ya miaka 40 ya kazi ya muziki ilikuwa mikononi mwake. Hata hivyo, alipouchapisha muziki huo mwaka uleule, alimweleza mfalme kwamba kwa kukosa maandalizi hakukitendea haki kile kipande, ndiyo maana alikifanyia kazi upya. Fundi wa kiwango hicho hakuona aibu kusema kwamba maandalizi yalipungua.

Sayansi nayo imechungulia jambo hili. Mwaka 2008, Charles Limb na Allen Braun wa Marekani walichapisha utafiti uliowahusu wapiga piano sita wa muziki wa jazi. Kila mmoja alilazwa ndani ya mashine inayoonyesha ubongo unavyofanya kazi, akapewa kinanda kidogo. Kuna wakati alipiga alichokariri, na wakati mwingine alibuni papo hapo. Walipobuni, sehemu za mbele za ubongo zilizo pembeni, zinazohusishwa na kujichunguza na kujisahihisha, zilipunguza kazi. Sehemu ya mbele iliyo katikati, inayohusishwa na mtu kujieleza mwenyewe, iliongeza kazi. Kwa lugha rahisi, hakimu wa ndani alinyamaza kidogo, na mwenye la kusema akapata nafasi.

Watu sita ni wachache, wala hatujengi fundisho la imani juu yao. Lakini tusisahau kwamba wote sita walikuwa wapigaji waliobobea. Asiyejua piano akimnyamazisha hakimu wake, kitakachotoka ni kelele tu. Mungu peke yake ndiye aumbaye pasipo kitu. Sisi tulioumbwa kwa mfano wake hubuni kutokana na tulichoweka akiba. Ndiyo maana Bwana Yesu, katika Mathayo 13:52, alimtaja mwenye nyumba atoaye katika hazina yake vitu vipya na vya kale. Asiye na hazina atatoa nini?

Mtazame Yona. Ndani ya tumbo la samaki hakuwa na kitabu wala taa, lakini sala yake katika sura ya pili imejaa maneno yanayofanana na Zaburi. Mtazame Maria nyumbani kwa Elisabeti. Wimbo wake katika Luka 1 ni mpya kabisa, na bado ndani yake tunamsikia Hana wa 1 Samweli 2. Kale lilikuwa limekaa moyoni, na jipya likazaliwa humo.

Najua kuna atakayeniuliza kuhusu Mathayo 10:19, ambapo Bwana anawaambia wanafunzi wasisumbuke watakayosema. Tusome mistari inayotangulia. Maneno hayo waliambiwa watu watakaokamatwa na kupelekwa mbele ya watawala, si mtu aliyekuwa na wiki nzima ya kuandaa mahubiri. Tena Yohana 14:26 inasema Roho atawakumbusha wanafunzi yote ambayo Yesu aliwaambia. Mtu hukumbushwa alichokwisha kufundishwa.

Na kwa wale wanaoogopa, nina neno pia. Yupo mama aliyesoma Neno kwa miaka 50, hazina yake imejaa. Akiombwa aongoze sala msibani, anarudi nyuma: "Mwambieni mchungaji." Hakosi maneno. Ni hakimu wa ndani anayemwambia kwamba atakosea na watu watamcheka. Hakimu huyo ana kazi yake mazoezini na katika kujifunza. Wafiwa wanapolia, mama, mwambie anyamaze, ufungue kinywa chako. Mungu hapimi sarufi ya sala.

Hili si la wanakwaya na wahubiri peke yao. Maisha hayampi mtu noti mapema. Simu ya usiku kutoka hospitalini haikupi muda wa kutafuta kitabu cha sala. Paulo na Sila, miguu yao ikiwa imefungwa katika mkatale kule Filipi, waliimba usiku wa manane. Waliimba kilichokuwa ndani yao, na wafungwa wengine wakawasikiliza.

Basi mpiga kinanda aende mazoezini, mhubiri aanze kusoma Jumatatu, na wewe msomaji wangu, kariri zaburi moja wiki hii kabla hujaihitaji. Kisha saa ya kutoa ikifika, toa bila hofu. Roho wa Mungu hapungukiwi nguvu kwa sababu tumejiandaa.

Jumapili njema.