Bibi Harusi, Kwenye Orodha ya Zawadi Weka na Drili

Najua wengi mnapita hapa kutafuta hina, udi na namna mpya za kufunga mtandio. Leo nakuja na mbao, akriliki na vumbi la msumeno. Nivumilieni.

Mimi nimeolewa mbali. Kutoka Unguja hadi Ngenge, wilaya ya Muleba huku Kagera, ni boti, basi, halafu vumbi. Nilikuja na hotipoti nane za zawadi. Nane! Nyumba ya watu watano. Drili hata moja hakuna, na nani angempa bibi harusi drili?

Miezi michache baadaye mavyaa alimtuma shemeji yangu mdogo, mtoto wa miaka 13, kupeleka mahindi kusagwa. Alirudi na mahindi yaleyale, pesa hana. Ilikuwa imemezwa na dubwi. Kwa msiolijua, ni ile mashine ya taa za rangi inayokaa pembeni ya duka: unatumbukiza sarafu ya shilingi 200, taa zinazunguka, na mara nyingi ndiyo basi, umeiaga. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza walio chini ya miaka 18 kucheza, lakini mashine haimuulizi mtoto umri. Na kwetu sisi jambo lenyewe lilishakatwa katika Surat al-Maida, aya ya 90, kamari ilipotajwa pamoja na pombe.

Mume wangu alitaka fimbo. Mavyaa alitaka aende kwa ustadhi akasomewe. Mimi nilimuuliza tu, "Hivi pale unapenda nini?" Akaniambia, "Vitufe, shem. Ukibonyeza vinalia." Hakutaja pesa kabisa.

Hapo ndipo nilipoamua tutengeneze ubao wetu wa gemu, ule wa fimbo ya kuongozea na vitufe vikubwa, unaochomekwa kwenye kompyuta. Na ndipo maneno yalipoanza. Jirani mmoja akasema tunamhamishia mtoto dubwi chumbani. Mashoga, mimi sikubali. Ubaya wa dubwi ni ile sarafu, ni kumfundisha mtoto kungoja pesa ya bahati. Ondoa sarafu, kinachobaki ni mchezo, nao una hukumu yake kwa jinsi unavyouchukua: usile muda wa sala, usiwe na machafu, usiwe wa wizi. Ndiyo maana tuliweka SuperTux na SuperTuxKart, ambazo waliozitunga wenyewe wamezitoa bure. Bi Aisha alikuwa na vitu vya kuchezea, kimojawapo farasi mwenye mbawa za vitambaa, na Mtume (S.A.W.) alipomuuliza na kujibiwa, alicheka. Imo katika Abu Dawud. Nani alizishona zile mbawa za vitambaa? Mimi napenda kufikiri ni mikono ya humo humo nyumbani.

Basi tukaanza. Drili tuliazima kwa seremala. Kwanza tulilaza kiganja cha mtoto juu ya katoni, vidole vimelegea, tukachora. Vidole havikai mstari mmoja, vinapinda, na vitufe vinapaswa kufuata mpindo huo, la sivyo mkono unachoka. Tundu la kitufe ni milimita 30, na kutoka kati hadi kati tuliacha kama 36. Nunueni vitufe vya kufungwa kwa nati, kwa sababu vile vya kubana havishiki kwenye ubao mnene. Sisi tulitumia plaiwudi ya milimita 9, juu yake akriliki ya milimita 3, ile plastiki ngumu ya watengeneza mabango.

Akriliki ndiyo iliyonitoa jasho. Haikatwi kama mbao. Unaikwaruza kwa kisu kando ya rula ya chuma, mara nyingi, pole pole, kisha unaivunja kwenye ukingo wa meza. Kutoboa ni subira tupu: karatasi yake ya kinga usiibandue, ibane kati ya vipande viwili vya mbao, drili iende taratibu. Ukienda mbio inayeyuka, ukisukuma inapasuka pale msumeno unapotokea upande wa pili. Cha kwanza nilikipasua mimi mwenyewe. Shemeji alicheka siku nzima, na sikumlaumu.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni: mtandio na mikono ya buibui haviendi pamoja na drili. Kinachozunguka hushika kitambaa na kukuvuta nacho. Tulifunga mlango tukabaki watu wa nyumbani na baraghashia la mume wangu kichwani kwangu, akiwepo shemeji nilivaa kilemba cha kubana, ncha nimezichomeka ndani, mikono ya nguo nimeifunga kwa mpira. Stara na usalama vinaweza kukaa pamoja ukijipanga mapema. Miwani ya kinga pia.

Fimbo hufungwa kwa chini, na vichwa vya skrubu huzamishwa kwenye ubao ili vifichwe na akriliki. Kila kitufe kina waya mbili zinazokwenda kwenye kibodi kidogo cha saketi, nacho huingia kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Umeme wake ni volti 5, haumtishi mtu. Kati ya ubao na akriliki nililaza pindo la kanga yangu. Hapo ndipo mavyaa, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, alipokuja kuangalia. "Waitu, kumbe unajua na kupamba."

Wako watakaosema hizi ni kazi za wanaume. Bi Zaynab bint Jahsh, mama yetu, alitengeneza ngozi na kuzishona kwa mikono yake, kipato akakitoa sadaka. Hata hizo gemu zenyewe: Toru Iwatani aliyebuni Pac-Man mwaka 1980 alisema alitaka mchezo utakaowavuta wanawake. Kwa hiyo, anayeolewa mwezi ujao, nakuomba uwaambie shangazi zako hotipoti mbili zinatosha. Pesa ya zinazobaki wanunue drili, seti ya misumeno ya matundu na miwani.

Sitawadanganya kwamba mtoto ametulia moja kwa moja. Alirudi kwenye dubwi mara moja baada ya ubao kukamilika, akaja kuniambia mwenyewe kabla sijasikia kwa watu. Siku hizi huleta rafiki zake baada ya Alasiri, wanagombania zamu, Magharibi ikikaribia nachomoa waya. Kitufe cha tatu kimeanza kukwama kwa vumbi la Ngenge. Jumamosi tunafungua mfuniko, na safari hii bisibisi anashika yeye.