Mficha Maradhi Anamwogopa Nani?

Daftari la kliniki la mama yangu lilikuwa nadhifu kuliko la mwanafunzi yeyote. Kila alfajiri alijitoboa kidole, akagusisha tone la damu kwenye kijiti cha kupimia, kisha akaandika namba kwa kalamu ya bluu: 6.2, 6.5, 5.9, 6.4. Nami kila Jumamosi nilipofika nyumbani, shikamoo haijapoa mdomoni, nililichukua daftari hilo nikalikagua mstari kwa mstari. Nilijiona mtoto mwema.

Siku moja kliniki wakampima kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari mwilini kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Majibu yakawa asilimia 11. Mtu ambaye sukari yake ni 6 kila siku hawezi kufika huko. Angepaswa kuwa chini ya 7. Namba za daftarini zilikuwa za kutunga. Daktari hakumgombeza. Alilifunga daftari taratibu akamuuliza, "Mama, nyumbani nani huwa analisoma hili?" Mama alinitazama, kisha akainamisha macho.

Tunasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kila tunaposema tunamnyooshea kidole mgonjwa. Methali ni ya kweli, ila tumezoea kuishia nusu njia. Hakuna anayeyaficha maradhi peke yake chumbani. Huyaficha mbele ya mtu. Mama yangu alinificha mimi. Alikuwa tayari kubeba sukari ya juu miezi mitatu kuliko kubeba makelele yangu ya Jumamosi moja.

Toleo hili la jarida letu linatoka mwezi wa Novemba, ambao tarehe 14 dunia huadhimisha Siku ya Kisukari. Ni siku aliyozaliwa Frederick Banting, ambaye mwaka 1921 mjini Toronto, akiwa na Charles Best, alifungua njia ya kupatikana kwa insulini. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza kwa kawaida hakumaliza miaka mingi. Dawa ikaleta miaka. Lakini miaka hiyo haipitii hospitalini. Mgonjwa hukaa na daktari dakika chache kwa mwezi. Siku zake zilizobaki yuko na mume, mke, watoto, majirani na wafanyakazi wenzake. Wao ndio ama wanaomrahisishia ugonjwa, ama wanaouongezea uzito. Na si jambo la watu wachache: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 Tanzania Bara ulikuta watu wapatao 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Ukoo usio na mtu wa kliniki ya sukari leo ni wa kutafuta kwa tochi.

Angalia tunavyowafanyia. Harusini, sahani ya pilau inafika mbele ya shangazi, na kabla hajanawa, sauti inatoka meza ya pili: "We shangazi, na sukari yako hiyo?" Watu wote wanageuka. Nyumbani tunampikia kwenye sufuria yake ndogo, tunamtengea kando, na chakula chenyewe kinaitwa "cha mgonjwa". Sisi tunaita huko ni kumjali. Yeye anajiona ametolewa kwenye sinia. Halafu tunashangaa kukuta kipande cha andazi kimefungwa kwenye gazeti chini ya mto.

Ile sufuria ndogo haina hata sababu ya kitabibu. Dona badala ya sembe, maharage, mchicha, samaki, wali kwa kiasi, chai isiyojaa sukari: hicho ni chakula kinachotufaa sote. Tena sisi watoto na ndugu wa mwenye kisukari cha aina ya pili tuko kwenye hatari kubwa kuliko wengine ya kukipata. Nyumba ikila chungu kimoja, mgonjwa anarudi sinia na wengine wanajikinga.

Kuna mengine yanayovunja nyumba kwa sababu tu hatuyajui. Sukari ikishuka sana kwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, mtu hutoka jasho, hutetemeka na kuchanganyikiwa, na mara nyingi huwa mkali bila sababu. Mume amefoka, mke amenuna, ugomvi umelala nao hadi asubuhi, kumbe jioni ile kilichotakiwa ni nusu glasi ya soda ya sukari na subira ya dakika 15, kisha kupima tena. Sukari iliyokaa juu kwa miaka nayo huharibu mishipa ya fahamu na ya damu, na kwa wanaume wengi hilo huonekana kitandani. Mume ananyamaza kwa aibu, mke anadhani ametafutiwa mwenziwe. Linatibika, lakini halitibiki likiwa limefichwa.

Na kuna moyo wenyewe. Watu wenye kisukari hupata sonona takriban mara mbili ya wasio nacho, na aliyezama katika sonona huacha dawa, huacha kupima, huacha kutembea. Hata asiyefika huko huchoka: kuhesabu kila tonge, kila siku, bila likizo, ni kazi. Anapokutana na askari mlangoni badala ya ndugu, kazi inakuwa mbili.

Siwalaumu wauguzaji, mimi ni mmoja wao. Ukali wangu wote ulikuwa woga. Nilimwona jirani yetu akikatwa mguu, nikaapa mama yangu hatafika huko, na kiapo hicho nikakigeuza fimbo ya kumchapia. Ndiyo maana katika toleo hili utakuta kurasa za wauguzaji wakieleza hofu zao bila kuzipamba, pamoja na makala za wanandoa, za wazazi wenye mtoto anayejidunga sindano shuleni, na za mazungumzo ambayo mgonjwa na daktari wanapaswa kuwa nayo mapema kabla ya Ramadhani. Zote zinakaa juu ya hoja moja: mgonjwa husema kweli pale ambapo kweli haimgharimu mapenzi ya watu wake, na bila kweli hiyo hakuna dawa inayopangika.

Mimi na mama ilituchukua muda. Niliacha kuligusa daftari lake. Jumamosi tukaanza kutembea pamoja jioni hadi sokoni na kurudi, tukizungumza mambo mengine kabisa. Baada ya majuma kadhaa, asubuhi moja alipima nikiwa nimekaa pale pale, akasoma kwa sauti: "Kumi na tatu." Akanyamaza, akinisubiri. Kisha akaongeza, "Jana kwa Bi Harusi nilikula wali." Maneno ya zamani yalinijaa kinywani. Nikayameza, nikauliza, "Ulikuwa mtamu?"

Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Halafu akaiokota, akaandika 13, kwa bluu, mahali pake.