BWANA SHAMBA ANASEMA: Usiogope vinundu vya kunde



Siku moja mkulima aliniita shambani. Alikuwa amechimba shina la kunde. Mizizi ilikuwa na vinundu vingi. "Bwana Shamba, kunde zangu zinaugua. Je, ning'oe zote?"

Nilikata kinundu kimoja kwa kisu. Ndani kilikuwa chekundu. Nikamwambia, "Using'oe. Hao ni vibarua wako."

Vibarua gani? Ni bakteria. Ni wadogo mno, hawaonekani kwa macho. Hewani mna naitrojeni tele, nayo ni chakula cha mimea. Lakini mmea hauwezi kuichukua hewani wenyewe. Bakteria wa vinundu huichukua na kuupa mmea. Mmea nao huwapa bakteria sukari. Kila mmoja humlisha mwenzake.

Mama mmoja aliifanya kazi ya bakteria maisha yake yote. Aliitwa Johanna Döbereiner. Alizaliwa Chekoslovakia mwaka 1924. Baada ya vita alifanya kazi mashambani Ujerumani, kisha akasomea kilimo. Mwaka 1951 alianza utafiti huko Brazili.

Miaka ya 1960 Brazili ilitaka kulima soya nyingi. Wataalamu wengine walitaka soya ilishwe mbolea ya chumvichumvi. Mbolea hiyo ni ghali. Mama Johanna alikataa. Alisema, tuchague mbegu zinazopatana na bakteria. Soya ilikuwa ngeni Brazili, na bakteria wake hawakuwamo ardhini. Basi wakulima walipaka mbegu bakteria kabla ya kupanda.

Mama Johanna alifariki mwaka 2000. Leo Brazili inaongoza duniani kwa kulima soya. Wakulima wengi huko hawanunui mbolea ya naitrojeni kwa soya yao.

Na wewe, kabla ya kutoa fedha yako, fanya hivi:

1. Kunde zikianza kutoa maua, chimba shina moja kwa jembe. Usivute, vinundu vitabaki ardhini.

2. Bandua kinundu kwa kidole. Kikibanduka, ni cha bakteria. Uvimbe usiobanduka huenda ni ugonjwa wa minyoo. Mwite Bwana Shamba.

3. Kata kinundu. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Usiweke mbolea ya naitrojeni. Ukiiweka kwa wingi, vibarua wako watalegea.

Yule mkulima hakung'oa. Alivuna kunde zake, na fedha ya mbolea ikabaki mfukoni.

Tuonane mwezi ujao.