Televisheni inayojibiwa: kitufe chake kiko kwenye telefoni, si kwenye telekomande

Mwezi Mei 2025, ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano hapa Congo, iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini, baada ya kuikataza mwezi Machi 2024. Mwezi Juni, Canal+ ilitangaza kwamba itaweka Netflix katika huduma zake kwenye nchi 24 za Afrika kusini mwa Sahara. Mwezi Septemba, kampuni hiyo hiyo ya Ufaransa ilikamilisha kuichukua MultiChoice ya Afrika Kusini, yenye DStv. Habari hizi tatu zilisomwa kila moja peke yake, lakini zinaelekea upande mmoja: televisheni inaungana na intaneti, na mtazamaji anatarajiwa kuchagua, kupiga kura, kujibu na kununua huku akiwa ameketi mbele ya kioo.

Kwa wakaaji wa Goma, Bukavu, Beni, Bunia au Kalemie, hakuna haja ya kubishana kama teknolojia hiyo ipo. Ipo. La kujua ni itaingia kwetu kupitia mlango gani, na nani atabaki na majibu tutakayotuma.

Katika Ulaya mlango ulichaguliwa zamani. Tangu mwaka 2010 kuna kanuni ya kiufundi inayoitwa HbbTV, iliyoanzia Ujerumani na Ufaransa, ambayo leo iko ndani ya televisheni nyingi zinazouzwa huko. Mnara wa televisheni unapotuma picha, unatuma pia anwani ndogo iliyofichwa ndani ya mawimbi. Televisheni inaisoma ile anwani, inaonyesha alama pembeni ya kioo, na mtu akibonyeza kitufe chekundu cha telekomande, ukurasa wa intaneti unafunguka juu ya picha: matokeo ya uchaguzi, kipindi cha jana, hali ya hewa, kura ya shindano la nyimbo. Ukurasa huo umeandikwa kwa lugha ile ile ya kompyuta inayotumika kutengeneza tovuti yoyote. Kwa hiyo ziko njia mbili: mnara unaleta picha, waya wa intaneti wa nyumbani unarudisha jibu.

Hesabu ya mashariki ya Congo inaharibikia kwenye hiyo njia ya pili.

Tuanze na umeme. Katika nchi nzima, ni karibu mtu mmoja tu kati ya watano anayefikiwa na umeme. Halafu mega. Netflix yenyewe inaeleza kwamba saa moja ya picha ya kawaida inakula karibu gigabaiti 1, na ya picha safi inaweza kufika gigabaiti 3. Hakuna mama anayeuza unga sokoni Kadutu atakayenunua mega kwa hesabu hiyo ili ajibu swali la mtangazaji. Starlink inaweza kusaidia hoteli, shirika, kituo cha redio, labda mtaa unaochangiana. Haigeuzi kila nyumba kuwa nyumba yenye waya wa intaneti.

Lakini kuna jambo lingine ambalo wahandisi wa Ulaya hawakuwa na sababu ya kulifikiria. Wao walitengeneza televisheni ya kujibu wakiwa na picha ya nyumba moja, familia moja, telekomande moja. Kwetu televisheni ni kitu cha kuangalia pamoja. Ni sebule ya jirani aliye na sola, ni nganda siku ya mechi, ni chumba cha sinema ya video ambapo watoto wanaingia kwa franka kidogo. Watu thelathini wanaangalia, mmoja ameshika telekomande. Kipindi kikiuliza swali na jibu likitoka kwenye telekomande, wale thelathini wamehesabiwa kama mtu mmoja, na huyo mmoja ni mwenye nyumba. (Wanaume wengine wanaishika kama fimbo ya chifu, tusidanganyane.)

Tusidhani kwamba wenzetu wenye waya na umeme wamefaulu kila mahali. Mwezi Desemba 2018 Netflix ilitoa filamu ya Bandersnatch, ambapo mtazamaji anamwamulia kijana wa kwenye filamu afanye nini. Jambo la kwanza la kuamua lilikuwa aina gani ya nafaka atakula asubuhi. Filamu ilisemwa sana, wengine wakaiona kuwa ndiyo televisheni ya kesho. Mwisho wa 2024 kampuni ilianza kuondoa karibu filamu zake zote za aina hiyo, na mwaka 2025 Bandersnatch nayo ikatolewa. Mtu aliyechoka na kazi hataki kuongoza filamu, anataka kuiangalia.

Mfano wa Uingereza una faida zaidi kwetu. BBC ilikuwa na kurasa za maandishi zinazofunguka kwa kitufe chekundu: habari, hali ya hewa, matokeo ya mpira. Mwanzoni mwa 2020 ilitaka kuzifunga ili kupunguza gharama. Waliosimama kuzitetea hawakuwa vijana wapenzi wa teknolojia. Walikuwa watu wasioona vizuri na wazee, ambao hawatumii kompyuta na ambao kurasa zile zilikuwa njia yao nyepesi ya kupata habari. BBC ikasimamisha mpango wake siku moja tu kabla ya tarehe ya kuanza kufunga. Maana yake ni kwamba sehemu ya televisheni hii iliyodaiwa na watu wenyewe ni ile isiyo na mapambo: ukurasa mfupi wa maandishi, unaofunguka unapouhitaji.

Na kurasa za namna hiyo hazihitaji intaneti hata kidogo. Mnara wa digitali unaweza kuzituma hewani pamoja na picha, zikizunguka moja baada ya nyingine, na dekoda inashika ile uliyoomba. Mtazamaji halipi mega. Fikiria kurasa kumi tu: bei ya mahindi na maharage katika masoko makubwa, hali ya ziwa Kivu kwa wanaosafiri kwa mashua usiku, barabara gani imekatika kwa mvua, kituo gani cha afya kinatoa chanjo juma hili, tangazo la kipindupindu. Hiyo ni kazi ambayo RTNC au kituo chochote cha jimbo kingeweza kuianza na watu wawili wanaojua kuandika vizuri Kiswahili na mmoja anayejua kompyuta.

Kizuizi ni kwamba televisheni ya digitali yenyewe bado ni ya kutafuta. Makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa ulinzi wa mawimbi ya zamani kwa sehemu kubwa ya vituo, na Congo, kama nchi nyingi za Afrika, ilipita tarehe hiyo kazi haijamalizika. Tena dekoda za bei ndogo zinazouzwa sokoni mara nyingi haziwezi kusoma kurasa kama hizo. Yeyote atakayeandika masharti ya kuingiza dekoda nchini angeweka hilo katika mstari mmoja wa karatasi: kisipojua kusoma kurasa, kisiingie. Gharama ya mstari huo ni ndogo leo. Miaka kumi baadaye, wakati nyumba zimeshanunua mashini za kila aina, itakuwa haiwezekani tena.

Kuhusu kujibu, jibu letu tunalo mfukoni. Redio ilishatufundisha. Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, ina miaka mingi ikisikilizisha nchi nzima sauti za watu wanaopiga simu katika kipindi cha Parole aux auditeurs. Redio nyingi za mitaa zinaishi kwa simu za wasikilizaji, kwa ujumbe mfupi na sasa kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Na kila mtu anayetumia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money anajua kubonyeza nyota, tarakimu na alama ya #, halafu kuchagua 1 au 2. Mfumo huo hautumii intaneti na unafanya kazi hata kwenye telefoni ndogo ya vitufe. Kituo cha televisheni kinachotaka kujibiwa hakina haja ya kungoja televisheni za kisasa zifike. Kinaweka nambari kwenye kioo, mtangazaji anaisoma kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, na kila mmoja kati ya wale thelathini waliomo sebuleni anajibu kwa telefoni yake. Si wote wanazo, hasa akina mama na wasichana. Bado ni wengi kuliko telekomande moja.

Wanaotaka kutengeneza kipindi kama hicho watakutana na matatizo madogo yasiyoonekana kwenye karatasi. Maneno ya nyota-nyota hayazidi herufi 182 kwa ukurasa, na mtu akichelewa kujibu yanakatika, kwa hiyo swali liwe fupi na majibu yasizidi matatu. Tena picha haifiki kwa wote saa moja. Kila mpenzi wa mpira anajua: jirani mwenye dekoda ya satelaiti anapiga kelele ya goli wakati kwako, unayeangalia kwa intaneti, mchezaji bado anakimbia na mpira. Ukifunga kura baada ya sekunde ishirini, umewafungia mlango watu ambao hawajasikia hata swali. Afadhali kura ibaki wazi mpaka mwisho wa kipindi. Na ujumbe wa sauti 400 unaoingia kwa jioni moja unahitaji mtu wa kuusikiliza kabla haujapita hewani, kwa sababu katika majimbo haya sentensi moja ya chuki dhidi ya kabila fulani inaweza kuleta maafa. Vituo vingi vinafikiria nambari ya WhatsApp, havifikirii mshahara wa huyo msikilizaji.

Suala zito zaidi ni alama tunazoacha nyuma.

Goma iko mikononi mwa AFC/M23 tangu mwisho wa Januari 2025, na Bukavu tangu katikati ya Februari mwaka huo. Kati ya Beni na Goma kuna mstari wa vita, lakini mawimbi ya televisheni na ya satelaiti hayaujui mstari huo. Mtu wa Goma anaweza kuangalia kipindi cha Kinshasa na kujibu swali lake. Mtu wa Beni anaweza kufanya hivyo na kipindi cha Goma. Akijibu kwa telefoni, anaacha nambari yake, na kwa sheria kadi ya SIM inaandikishwa kwa jina la mtu. Kampuni ya simu inajua pia mnara uliopokea jibu, yaani karibu na mtaa alipo. Orodha ya watu waliojibu "ndiyo" au "hapana" kwa swali la siasa, pamoja na majina na mitaa yao, si takwimu ya kipindi. Ni kitu ambacho mtu mwenye silaha anaweza kukitaka. Na atakayeulizwa akitoe si mtangazaji aliye Kinshasa, bali kijana anayetunza kompyuta ya kituo.

Kwa hiyo mimi naona kuna maswali ambayo televisheni isiyaulize kwa telefoni katika mashariki kwa wakati huu, hata kama yanapendwa na watazamaji: nani aongoze, jeshi gani linafanya vizuri, unamwunga mkono nani. Bei ya unga, shule, maji, ndoa, mpira, afya, vyote hivyo vinajaza saa nyingi za vipindi. Na kwa maswali hayo pia, kituo kihesabu majibu kisha kifute nambari, siku ile ile ikiwezekana. Kilichofutwa hakiwezi kuibiwa wala kudaiwa kwa nguvu.

Televisheni zenyewe za kisasa hazina usafi zaidi. Mwezi Februari 2017, kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushitakiwa kwamba televisheni zake milioni 11 zilikuwa zikirekodi kila kinachoangaliwa na kuuza habari hizo bila ruhusa ya wenye nyumba. Huko kulikuwa na mamlaka ya kushitaki. Sisi tuna Kanuni ya digitali, sheria ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za mtu binafsi. Mtazamaji wa Goma ambaye nambari yake imevuja atalalamika katika ofisi gani leo, mbele ya nani?

Halafu kuna pesa. Watu hawajasahau RAM, malipo yaliyokuwa yakikatwa kwenye uniti za telefoni kuanzia 2020 hadi yalipoondolewa 2022 baada ya malalamiko mengi. Shindano la televisheni linaloomba utume ujumbe wa bei ya juu mara kumi ili mshindi wako apite linatoka katika ukoo huo huo: pesa ndogo inayotoka kwa watu wengi bila wao kuhesabu. Bei ya kila jibu ionekane kwenye kioo kwa franka, kwa herufi kubwa sawa na za nambari yenyewe, na isemwe kwa sauti. Kituo na kampuni ya simu wanagawana mapato hayo. Mtazamaji ana haki ya kujua kwamba anachangia.

Kwa sasa, msomaji anayeona nambari ikitokea kwenye kioo anaweza kuwaandikia wenye kipindi na kuwauliza mambo mawili kabla hajabonyeza: jibu hili ni franka ngapi, na nambari yangu itakaa kwenu siku ngapi.